Lita Tisa za Pikapu la Mjomba

Gereji, 4 Machi

Kwako Dada, mla mshahara wa serikali,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, isipokuwa simu yangu, ambayo iliponyoka mfukoni ikazama kwenye ndoo ya oili chafu na sasa inalia kama bata aliyekabwa. Ndiyo sababu nakuandikia. Usiucheke mwandiko wangu. Shule niliiacha kidato cha pili kwa makubaliano kati yangu na mwalimu mkuu, ingawa yeye alikubali haraka zaidi.

Habari ya mji ni hiyo sheria yenu. Mchomeleaji wetu, ambaye husoma kila gazeti analofungiwa vitafunio, anasema Bunge litayapiga marufuku magari yote yaliyozidi miaka kumi kwa kuwa eti ni walevi wa mafuta. Mjomba aliposikia hivyo akaiacha chai yake ikapoa. Unamjua mjomba wako: akiiacha chai, pana msiba. Humu uani hakuna gari lenye umri chini ya miaka kumi. Hata jeki yetu imezidi. Sheria ikipita hivyo tunafunga lango, na mimi nahamia sebuleni kwako kukumalizia sukari.

Lakini usilie, ndugu yako nipo. Kamati yenu imetangaza kwamba mwenye gari kuukuu analoamini halizidi lita tisa kwa kilomita mia, alitoe lipimwe. Mjomba amelitoa pikapu lake, lile lenye safu mbili za viti. Dereva wa kipimo ni nani? Ni huyu huyu unayemsoma. Na Mjomba ameahidi mbele ya mashahidi kwamba likifaulu, shimo la pili la gereji, lile la kufanyia kazi chini ya magari, litakuwa langu. Nitakuwa fundi kamili mwenye wateja wake, siyo mshika tochi wa wakubwa. Dada, hilo shimo nimeshaanza kuliota. Nimeshalifagia.

Ni mimi, Injinia Mkuu Mtarajiwa,
Domo


Mjini, 11 Machi

Mdogo wangu Domo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu dole gumba lako la oili lilikaa juu ya maneno ya maana. Mpe Mjomba shikamoo yangu.

Jambo moja ulijue mapema. Ripoti ya kamati kuhusu mafuta ya magari naiandika mimi. Nilimwambia Mwenyekiti waziwazi kwamba hilo pikapu ni la mjomba wetu, naye akaamua ofisa mwingine ndiye aje kupima, mimi nisilisogelee. Kwa hiyo upendeleo hakuna. Msije mkamtajia ofisa jina langu, hata kwa utani. Hasa wewe.

Sheria yenyewe siyo kama mchomeleaji anavyosema. Wabunge wamegawanyika. Wapo wanaotaka magari makuukuu yafukuzwe kwa umri. Wapo wanaosema tuache kila mtu aendeshe chake, maana mnyonge hana gari jipya. Mimi napendekeza gari lisiulizwe limezaliwa lini, liulizwe linakunywa kiasi gani. Hilo la kupima wengi wameanza kulikubali. Ugomvi uliobaki ni kikomo: wengine wanataka lita tisa, wengine kumi na mbili. Wa kumi na mbili wanadai kwamba tisa haziwezekani kwa gari kuukuu. Pikapu lenu litasema nani mkweli.

Basi lihudumieni vizuri, mlipeleke, na kitakachotoka ndicho nitakachoandika.

Dada yako


Gereji, 20 Machi

Kwako Dada, ambaye leo una bahati ya kuwa dada yangu,

Limefaulu. Nane na nusu. Soma tena kama hujaamini.

Ofisa wenu alikuja na suruali iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali ya kukatia mkate. Akajaza tangi mpaka shingoni, akafunga kifuniko kwa waya na lakiri, akasema niendeshe hadi kiwanda cha saruji na kurudi. Yeye akafuata nyuma kwa gari la ofisi, vioo juu, kiyoyozi kinavuma. Nilimwonea huruma, alikosa upepo mzuri wa njiani. Tuliporudi, kazi yake ilikuwa kukilinda kile kifuniko kama mama anavyolinda maziwa jikoni. Akakata waya, akajaza tena, akaandika. Alipomaliza, nikamshauri alijaze na la ofisi tuone. Hilo lilimeza mpaka mwenye pampu akabadilisha mkono. Nikamuuliza kwa heshima kama sheria inamhusu na yeye. Akasema nisimchanganye.

Mjomba alikunywa chai kikombe juu ya kikombe. Wateja wamekuja kulitazama pikapu kama maiti ya mfalme. Shimo la pili nakabidhiwa sheria ikishapita, hataki kutoa kitu kabla ya muhuri. Nimeshaomba mchomeleaji aniandikie kibao. Anasema herufi analipisha moja moja, kwa hiyo nafikiria kufupisha jina.

Wako, Injinia Mkuu (neno Mtarajiwa limefutwa),
Domo


Mjini, 28 Machi

Mdogo wangu,

Hongera. Ofisa ameleta vipimo vyake, na ripoti nimeitia sahihi juzi. Nimeandika kwamba gari kuukuu likitunzwa vizuri linaweza kukaa chini ya lita tisa, na kwamba pikapu moja la kazi limethibitisha. Waliokuwa wanashikilia kumi na mbili wamekubali. Mmoja wao tu, mbunge mzee aliyewahi kuwa dereva wa lori, alitikisa kichwa akasema, "Hilo pikapu nilione." Wenzake walimcheka.

Nataka kumjibu yule mzee kwa heshima. Niandikie kwa maneno yako mwenyewe mlichokifanya kulitunza, nikiweke mwisho wa ripoti ili mafundi wengine wajifunze. Usiongeze chumvi. Najua nakuomba jambo gumu.

Na leo nimejivuna kwa ajili yako bila kulazimishwa na mtu. Liweke hilo mahali, halijirudii upesi.

Dada yako


Gereji, 3 Aprili

Kwako Dada, mwanafunzi wangu mpya,

Hatimaye serikali imekuja kuuliza wenye akili. Chukua kalamu.

Kwetu hapa gari likienda kukaguliwa hatulipeleki hivi hivi. Tunalifanya bwana harusi. Ndivyo tunavyoiita, na kila fundi mwenye kujiheshimu anajua. Bwana harusi haendi na tumbo lake la kila siku, anavuta pumzi. Kwanza tulibadilisha oili tukatia nyepesi kabisa, ya kuteleza kama maneno yangu. Hiyo haifai kwa kazi ya kila siku, injini itasaga meno, lakini kwa safari moja ni tamu. Tairi tukazijaza upepo mpaka ukizigonga zinalia kama ngoma. Gari likawa linatembea kwa ncha za vidole. Breki nikazilegeza kidogo zisishike gurudumu bure. Halafu ufundi wangu mimi binafsi, usimpe mwingine sifa hii: nyufa zote za mbele, kuzunguka taa na boneti, niliziziba kwa selotepu ya rangi ile ile ya gari, upepo upite bila kukwama. Ofisa aliipapasa bodi akasema limenyooka. Nikamwambia asante.

Mwisho tukalipunguza mwili, likawa jepesi, likaenda.

Jina langu uliandike lote, kwa herufi kubwa.

Profesa Domo


Mjini, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Nijibu haya tu, haraka. Unaposema mlilipunguza mwili, mlitoa nini? Nitajie kila kitu. Ofisa alivijua? Na je, ulizima injini popote njiani?

Dada yako


Gereji, 13 Aprili

Dada,

Barua gani hii, fupi kama risiti? Hata salamu hakuna. Nadhani ofisi inawabania karatasi, au unaona wivu kwamba ripoti imenoga kwa ajili yangu.

Haya, vitu tulivyotoa. Kiti cha nyuma, chote. Tairi la akiba. Jeki, sanduku la spana, kile chuma cha kuburutia, mlango wa nyuma wa bodi, kapeti na redio. Redio haikuwa nzito, ila mchomeleaji alikuwa anaihitaji. Ofisa hakuuliza, na asiyeuliza hajibiwi. Yeye macho yote kwenye kifuniko. Kiti cha nyuma kilikuwa ofisini kwa Mjomba, na Mjomba mwenyewe alikuwa amekikalia akimwandikia ofisa risiti ya maji ya kunywa. Ofisa akasema kiti chenyewe kizuri.

Injini nilizima kwenye ule mteremko mrefu wa kabla ya kiwanda, na tena wakati wa kurudi kwenye ule mfupi. Nani anawasha moto chungu kikiwa kimeshaiva? Ofisa nyuma yangu hakujua, kiyoyozi chake kilimziba masikio.

Umeridhika? Sasa niambie kibao niandike "Fundi" au "Mtaalamu".

Domo


Mjini, 18 Aprili

Mdogo wangu,

Nilicheka kwanza. Pale Mjomba alipokikalia kiti nilicheka mpaka wenzangu wakageuka. Halafu nikaikumbuka sahihi yangu.

Sikukasirikii. Nimeona kwamba hukuwa unanificha kitu. Ulidhani unanionyesha ufundi, na kosa ni langu pia: nilitia sahihi kabla ya kukuuliza. Lakini nisikilize, maana hili mmejifanyia wenyewe na hamjaliona.

Kikomo cha lita tisa kimekubaliwa kwa sababu ya pikapu lenu. Kabla ya hapo tulikuwa tunaelekea kumi na mbili. Sasa fikiria wateja wa Mjomba, mmoja mmoja. Anayebeba saruji, anayepeleka watoto shule, wote wana viti na tairi za akiba. Gari gani kati ya hayo litapita kwenye tisa? Hakuna. Mmewafungia mlango kwa mkono wenu halafu mkapiga makofi.

Jumatatu ya tarehe tano Mei kamati inakaa kwa mara ya mwisho kabla ya muswada kwenda bungeni. Siku hiyo naiondoa ripoti yangu. Sitakutaja, lakini Mjomba atajua, maana mimi siandikiani na mchomeleaji. Nikiiondoa bila kuwa na namba nyingine mkononi, wenye kutaka kufukuza magari kwa umri watasema vipimo vyote ni uongo, na watashinda. Naihitaji namba ya kweli. Pikapu hilo hilo, viti vyote, mzigo wake wa kila siku, injini inawaka mwanzo hadi mwisho. Apime mtu mwingine pamoja nawe, mwenye pampu kwa mfano, atie sahihi.

Najua shimo la pili ni nini kwako. Siwezi kukuamrisha. Usipoleta, nitakwenda mikono mitupu na tutabaki ndugu vile vile.

Dada yako


Gereji, 24 Aprili

Kwa mpwa wangu,

Mimi si mtu wa barua, lakini huyu ndugu yako amenitia aibu na nataka ulisikie kwangu. Jana alichukua pikapu bila ruhusa, akalirudishia kila kitu, akalipakia saruji ya mteja, akaenda na kurudi mara mbili. Kisha akasimama katikati ya uani, watu wamejaa, akanisomea namba kwa sauti kama mtangazaji wa matokeo ya mtihani. Akasema ni ombi lako.

Mwanangu, acha mambo yalivyo. Ofisa ameona, ameandika, wakubwa wameridhika. Unasema wateja wangu hawatapita kwenye tisa. Watapita. Tutawafanya mabwana harusi wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mwaka watarudi. Hiyo ndiyo kazi itakayotulisha. Uani hapa wanakula watu wengi, na baadhi yao hawajui kazi nyingine. Nimemwambia huyu kijana: karatasi ile ikitoka humu, shimo la pili asahau, na mimi asinisemeshe.

Nilikubeba mgongoni ukiwa mdogo, ukiwa na homa, mpaka zahanati. Sikukumbushi ili unilipe. Nakukumbusha ili ujue anayekuomba ni nani.

Mjomba wako


Gereji, 25 Aprili

Dada,

Karatasi ni hii hapa. Lita kumi na moja na robo. Mwenye pampu ametia sahihi, na mwandiko wake ni mbaya kuliko wangu, nimefarijika.

Namba ya kwanza ilikuwa mbaya zaidi, tulienda mara mbili. Nilipoona kumi na mbili na kitu nililala chini ya gari nikakuta breki ya nyuma kulia inashika na chujio la hewa limejaa vumbi la kutosha kupandia mchicha. Miaka yote tumelifanya gari hili bwana harusi na hakuna aliyelitibu. Nikazitengeneza breki zishike na kuachia kama inavyotakiwa, nikaweka chujio jipya, tukapima tena. Hiyo ndiyo kumi na moja na robo. Ni halali, viti vyote vipo, hata redio, ingawa mchomeleaji alinuna.

Mjomba amenikataza kuituma. Alikuja mpaka nilipokuwa nanawa mikono, akasema taratibu, "Ukiituma, umechagua." Nikaendelea kunawa mpaka sabuni ikaisha. Usiku sikuota shimo wala nini. Asubuhi nilimpita yule mteja wa saruji akiwapakia watoto wake nyuma, watatu wanagombania dirisha, nikajiuliza gari lake nitamwambia atoe mtoto yupi.

Kibao usikijali. Mchomeleaji alikuwa ameshakata herufi ya kwanza tu.

Domo


Mjini, 16 Mei

Mdogo wangu,

Karatasi ilifika siku mbili kabla ya kikao. Nilisimama mbele ya kamati nikasema ripoti yangu imejengwa juu ya kipimo kisicho cha kweli, na kwamba naiondoa.  Mwenyekiti aliniuliza kama najua maana ya ninachokisema. Nikasema najua. Ofisa wa suruali ya pasi alikuwa anatazama viatu vyake.

Kisha nikasoma kipimo cha pili, na namna gari linavyofanywa bwana harusi, bila kumtaja mtu wala gereji. Yule mbunge mzee hakucheka wala kujisifu. Alisema hata yeye enzi zake alikuwa akiteremka mlima kwa gia huru, na akaomba sheria iseme wazi: gari lipimwe likiwa na viti vyake na mzigo wake, na anayepima akae ndani ya gari. Hilo limepita. Kikomo kimekuwa lita kumi na mbili kwa magari yaliyomo barabarani, kitashuka polepole kadiri miaka inavyokwenda. Magari hayatafukuzwa kwa umri. Wenye kutaka tisa wamekasirika, wanasema tumewabembeleza walevi. Huenda wana haki kidogo. Moshi ni moshi.

Mimi wameniondoa kwenye kamati. Tangu Jumatatu nipo ghorofa ya chini, napanga kumbukumbu za vikao vya zamani. Dirisha lipo, linatazama maegesho. Sijutii, ila siku ya kwanza nilikaa muda mrefu kabla ya kuwasha taa. Mjomba hajajibu barua yangu. Je, anakusemesha?

Dada yako


Gereji, 2 Juni

Kwako Dada wa ghorofa ya chini,

Hapana, hanisemeshi. Mwezi mzima. Nikiwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, anamgeukia mchomeleaji: "Mwambie huyo alete spana ya kumi na tatu." Mchomeleaji ananigeukia: "Mjomba wako anasema ulete spana ya kumi na tatu." Naleta. Mchomeleaji anaipokea, anampa. Mchomeleaji amechoka, anasema hata kuchomelea hapati nafasi, ameajiriwa kuwa simu. Shimo la pili alipewa yule fundi wa umeme, na analifagia vibaya sana.

Lakini kazi zipo, nisikufiche. Tangu Bunge lipitishe sheria na watu wasikie lita kumi na mbili na habari ya mzigo, wanaleta magari yatibiwe: breki, chujio, plagi, nozeli. Uani hapatoshi. Mjomba anaona. Haniambii, ila chai anakunywa.

Leo ametokea mtu na teksi yake, mnene, mwenye haraka. Akamvuta Mjomba pembeni akamwambia amesikia humu gari hufanywa bwana harusi, na yeye ukaguzi wake ni kesho. Mimi nilikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. Nikaacha kugonga. Mchomeleaji naye akazima moto wake. Mjomba akajifuta mikono. Akazunguka teksi, akafungua mlango wa nyuma, akakitazama kiti, akaufunga.

"Hapa hatuozeshi magari," akasema. "Tunayatengeneza. Liache, urudi keshokutwa."

Yule bwana akalalamika kwamba ukaguzi ni kesho. Mjomba akamwambia aende akaombe siku nyingine, sheria inaruhusu, mpwa wake ndiye aliyeiandika. Dada, alisema hivyo, kwa sauti, na shingo ameinyoosha. Mwenye teksi akaondoka kwa miguu.

Nimetoka chini ya lori nimekaa kwenye tairi kukuandikia kabla sijasahau hata neno. Nataka kuongeza namna mchomeleaji alivyonikonyeza, lakini Mjomba ameshaifungua boneti ya ile teksi na anaita. Mchomeleaji amesimama pale pale karibu naye, mikono mitupu, na hajaambiwa amwambie mtu yeyote kitu. Ananiita mimi. Anaita mara ya pili, na anasema kama nimeziba masikio atayazibua yeye. Naenda.

Ndugu yako,
Domo